Kula na kuishi bila kutupa ukiwa masomoni ughaibuni: mwongozo kamili

Wiki ya tatu tangu nifike masomoni, nilivuta droo ya chini ya friji nikakutana na fungu la spinachi lililokwisha kugeuka uji wa kijani ndani ya mfuko wake. Pembeni kulikuwa na nusu mkate wenye ukungu, kopo la mtindi lililofunguliwa likasahauliwa, na karoti tatu zilizolegea kama kamba. Vyote vilikuwa vyangu. Kilichoniuma zaidi ni kwamba nilikuwa nimesafiri na mfuko wa kitambaa, chupa ya maji ya chuma na mrija wa chuma, nikijihesabu miongoni mwa watunza mazingira. Mrija wenyewe sikuwahi kuutumia hata siku moja.

Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, UNEP, lilikadiria kwamba mwaka 2022 dunia ilitupa tani bilioni 1.05 za chakula, na takriban asilimia 60 ya hizo zilitoka majumbani, si hotelini wala madukani. Taka hizo za majumbani pekee ni wastani wa kilo 79 kwa kila mtu kwa mwaka. Mwanafunzi aliye ugenini ana kila sababu ya kuupita wastani huo: anajipikia peke yake, hajazoea ukubwa wa pakiti za huko, ratiba yake hupinduka kila wiki ya mitihani, na friji si yake peke yake. Kwa hiyo mwongozo huu hauanzi na vitu vya kununua. Unaanza na pipa la taka, na kila hatua inarudi huko.

Hatua ya 1: Funga begi dogo

Acha vyombo vya umeme vinavyotoa joto. Nchi nyingi hutumia umeme wa volti 220 hadi 240, lakini Marekani na Kanada ni 120 na Japani ni 100. Chaja za simu na za kompyuta mpakato kwa kawaida huhimili zote. Soma maandishi madogo mgongoni mwa chaja, ukiona 100–240V uko salama, unahitaji adapta tu. Pasi, birika na mashine ya kukaushia nywele mara nyingi havina uwezo huo, vitaungua au havitapata moto. Vitaishia kwenye pipa la nchi ya watu.

Koti zito la baridi nalo liache. Utalipata la mtumba huko huko, limeshonwa kwa ajili ya baridi ya huko, na hutakuwa umekula robo ya uzito wa begi lako.

Kitu kimoja ambacho ningekibeba tena bila kufikiri mara mbili ni viungo vikavu, kidogo kidogo, vikiwa vimefungwa vizuri na kuandikwa majina. Mtu akishindwa kula mboga za ugenini mara nyingi tatizo si mboga, ni ladha, na kijiko cha viungo kinaweza kuokoa kabichi nzima isitupwe. Ila soma kwanza masharti ya forodha. Nchi za Umoja wa Ulaya haziruhusu msafiri anayetoka nje ya umoja huo kuingia na nyama wala maziwa na mazao yake. Australia na New Zealand hutaka utamke kila chakula ulichobeba, hata pakiti ndogo, na faini ya kunyamaza ni kubwa. Ukiwa na shaka, tamka.

Hatua ya 2: Wiki mbili bila kununua kipya

Siku za mwanzo ndizo hatari. Umechoka, chumba ni kitupu, na kuna duka kubwa la samani ambalo kila mtu anakuelekeza. Jiwekee sheria: kwa wiki mbili, kipya ni shuka, mto na nguo za ndani pekee. Vingine vyote subiri au uliza.

Wanafunzi huondoka kila mwisho wa muhula, na hawawezi kusafiri na sufuria. Uliza ofisi ya wanafunzi wa kigeni, angalia ubao wa matangazo wa hosteli na makundi ya simu ya wakazi. Unachohitaji ili upike ni kidogo kuliko unavyodhani: sufuria moja yenye mfuniko unaobana, kikaango, kisu kikali, ubao wa kukatia, na vyombo vinne au vitano vyenye vifuniko kwa ajili ya viporo. Hivyo vya mwisho ndivyo vitakavyofanya kazi kuliko vyote, na hata makopo ya mtindi yaliyooshwa yanatosha.

Tahadhari moja: usiokote godoro wala kochi la kitambaa barabarani. Kunguni hujificha kwenye mishono, na kuwaondoa hugharimu kuliko godoro jipya. Meza, kiti cha mbao na taa havina shida hiyo kubwa, ila vikague na uvifute vizuri kabla ya kuviingiza ndani.

Hatua ya 3: Tawala rafu yako ya friji

Tulikuwa watu sita na friji moja. Kulikuwa na chupa sita za mafuta ya kupikia, pakiti sita za chumvi, na kila mtu alikuwa na kitunguu nusu kilichofungwa kwenye karatasi. Siku tulipokubaliana kushirikiana mafuta, chumvi, sukari na vitunguu, rafu moja nzima ilibaki wazi. Si lazima mpike pamoja. Hilo ni gumu, na wengine hawapendi. Shirikianeni vile vitu visivyo na mwenyewe kwa asili.

Kisha panga rafu yako kwa akili. Friji iwe kati ya nyuzi joto 0 na 5, friza nyuzi 18 chini ya sifuri. Mlangoni ndipo penye joto zaidi kwa sababu hufunguliwa kila mara, basi weka hapo haradali na jemu, si maziwa. Nyama mbichi hukaa chini kabisa, kwenye bakuli, isidondoshe maji yake kwenye chakula cha wenzako. Ndizi mbivu, tufaha na nyanya hutoa gesi ya ethilini inayoivisha vilivyo jirani, kwa hiyo zitenge na majani. Viazi vitoe kabisa kwenye friji: vinataka giza na ubaridi wa kawaida, mbali na vitunguu, maana vikipigwa na mwanga hugeuka kijani na kujenga sumu ya solanini.

Mboga za majani zioshe, zikung'ute, uzifunge kwenye kitambaa safi kikavu, ndipo uziingize kwenye chombo. Unyevu unaobaki juu ya jani ndio ulioniozeshea ile spinachi.

Halafu tenga kisanduku kimoja mbele ya rafu, usawa wa macho, ukiandike KULA KWANZA. Kila kilichofunguliwa kinaingia humo. Ukirudi na njaa, mkono wako unaanzia hapo. Ni jambo la kitoto, nakubali, lakini hakuna kingine kilichopunguza taka zangu kwa kiasi hicho.

Hatua ya 4: Nunua kwa siku nne

Watu wengi hupanga mlo wa siku saba. Mimi nashauri nne. Katika wiki ya mwanafunzi kuna siku utakula chuoni, siku utaalikwa, na siku utarudi saa nne usiku ukale mkate mkavu. Ukinunua vya siku saba, vya siku tatu vitaoza.

Kabla ya kujifunza salamu za lugha ya huko, jifunze tarehe mbili zinazoandikwa kwenye pakiti, kwa sababu hazina maana moja. Moja ni ya ubora: mtengenezaji anasema hadi siku hiyo bidhaa itakuwa katika hali yake bora. Tambi, mchele, biskuti na vya makopo vikiipita tarehe hiyo huliwa bila shida, na mtindi mara nyingi pia. Vinuse, vitazame, onja kidogo. Nyingine ni ya usalama, na hukaa kwenye nyama mbichi, samaki na vyakula vinavyoharibika upesi. Hiyo usiipite, hata kama pua yako haijasikia kitu, kwa kuwa bakteria wengine hawatoi harufu. Ujerumani ya ubora ni "mindestens haltbar bis" na ya usalama ni "zu verbrauchen bis". Ufaransa ni "à consommer de préférence avant" na "à consommer jusqu'au". Kwingine uliza siku ya kwanza.

Saa za jioni maduka mengi hushusha bei ya vitu vinavyokaribia tarehe. Zipo pia programu za simu zinazouza mabaki mazuri ya mikahawa na maduka ya mikate. Too Good To Go, iliyoanzia Denmark mwaka 2015, sasa iko katika nchi nyingi. Ufaransa ilitunga sheria mwaka 2016 kuzuia maduka makubwa kuharibu chakula kisichouzwa, na kingi huenda kwa mashirika ya hisani. Angalizo: mfuko wa bei ya chini wenye keki kumi si uokoaji wa chakula kama wewe ndiye utakayezitupa keshokutwa. Umehamisha pipa tu.

Usione haya kununua mboga zilizogandishwa. Hukatwa na kugandishwa muda mfupi baada ya kuvunwa, unachukua gao lako, zinazobaki zinakusubiri miezi.

Na kuhusu chakula cha "hapa hapa": usafiri kwa kawaida ni sehemu ndogo ya madhara ya chakula kwa hali ya hewa. Kilo ya dengu iliyovuka bahari kwa meli ni nafuu kwa mazingira kuliko kilo ya nyama ya ng'ombe wa shamba la jirani. Kinachobadilisha hesabu ni ndege, ambayo kwa kila tani na kila kilomita hutoa hewa ukaa takriban mara 50 ya meli. Husafiri kwa ndege vitu laini visivyodumu, vikiuzwa nje ya msimu wake: stroberi wakati wa theluji, maharage mabichi mateke yaliyotoka bara jingine. Ndizi na machungwa hupanda meli, kula kwa amani.

Hatua ya 5: Pika mara moja, kula mara nne

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo hela na mazingira vinapokutana. Chukua maharage makavu, nusu kilo, ambayo yakiiva huzidi kilo moja.

Ijumaa usiku yaloweke kwenye maji mengi yenye kijiko kimoja cha chumvi. Umeambiwa chumvi hukaza maharage? Kwenye maji ya kulowekea kinyume chake ndicho kweli: hulainisha ganda. Asubuhi mwaga maji hayo, suuza, weka mapya yanayofunika kwa vidole viwili.

Sasa chemsha kwa nguvu, maji yakitutuma kweli kweli, kwa dakika zisizopungua 10; wapo wanaoshauri 30 kwa uhakika zaidi. Hatua hii usiifupishe. Maharage mekundu makubwa yana lektini, sumu inayovunjwa na joto la kuchemka, na punje chache zilizoiva nusu zinatosha kukulaza chooni usiku kucha. Ndiyo maana vyungu vya umeme vinavyopika polepole havifai kwa kazi hii vikiwa peke yake: havifikii joto hilo. Ukishamaliza, punguza moto, funika, acha yaive taratibu. Nyanya na ndimu zisiingie hadi yalainike, kwani uchachu huchelewesha kuiva. Kama jiko lako ni la sahani ya chuma, lizime dakika tano kabla. Joto lililobaki litamaliza kazi.

Gawa mara nne. Sehemu ya kwanza iunge kwa kitunguu na nyanya, ule leo. Ya pili ichanganye baridi na kabichi iliyokatwa nyembamba, siki na mafuta, upeleke chuoni. Ya tatu iponde kwa uma pamoja na kitunguu saumu, ipake kwenye mkate. Ya nne itie kwenye mfuko, uulaze mfuko ukiwa bapa ndani ya friza. Ukiganda hivyo huyeyuka kwa dakika chache, tofauti na bonge linalohitaji usiku mzima. Andika tarehe. Kitu kisicho na tarehe ndani ya friza ya watu sita ni mali ya historia.

Wali una sheria yake. Mbegu za bakteria aitwaye Bacillus cereus hustahimili kupikwa, kisha huamka wali ukibaki vuguvugu. Usiuache kwenye sufuria juu ya jiko hadi asubuhi. Utandaze kwenye sinia upoe ndani ya saa moja, uingize kwenye friji, uule kesho yake, ukiupasha mara moja tu hadi utoe mvuke. Viporo vingine kwa kawaida huhimili siku tatu.

Hatua ya 6: Nyama, bila mahubiri

Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2018 ulilinganisha vyakula kutoka maelfu ya mashamba duniani. Kupata gramu 100 za protini kutoka kwa ng'ombe wanaofugwa kwa nyama hutoa kwa wastani kama kilo 50 za gesi joto. Kuku ni kilo 6 hivi, mayai 4, jamii ya kunde chini ya moja. Kinachowashangaza wengi ni jibini: kilo 11 hivi, zaidi ya kuku.

Kwa hiyo huhitaji kuacha nyama ili uwe na maana. Ukibadili milo miwili ya ng'ombe kwa wiki kuwa ya kunde au mayai, umefanya zaidi ya mtu aliyenunua mifuko kumi ya kitambaa. Ukiamua kuacha kabisa vyote vitokanavyo na wanyama, pangia vitamini B12 mapema, kwa vidonge au vyakula vilivyoongezwa vitamini hiyo, kwa sababu mimea haitakupa ya kutosha.

Hatua ya 7: Maji ya moto na hita

Wengi hukazana kuzima taa. Tupige hesabu. Bomba la kuogea likitoa lita 10 kwa dakika, kuoga dakika 10 ni lita 100. Kuyatoa maji hayo nyuzi 10 hadi 40 kunahitaji takriban uniti 3.5 za umeme. Kwa uniti hizo taa ya LED ya wati 10 ingewaka saa 350, yaani siku 14 mchana na usiku bila kuzimwa. Oga dakika tano, kisha taa ya korido tuisahau.

Kama umefika nchi ya baridi, kosa la kawaida ni kufungua dirisha upenyo kidogo kutwa nzima huku hita ikiwaka. Funga hita, fungua dirisha lote dakika tano hadi kumi, asubuhi na jioni, kisha funga. Hewa inabadilika, kuta hazipoi, na unyevu wa kupika na kulala unatoka kabla haujawa ukungu ukutani. Nguo osha kwa nyuzi 30, mashine ikiwa imejaa, na zianike. Chumba kisicho na hewa nzuri usianikie ndani, utavuna ukungu.

Hatua ya 8: Pipa lenyewe

Kila nchi, na mara nyingine kila mji, ina utaratibu wake. Ujerumani utalipa amana ya senti 25 za euro kwa chupa nyingi za plastiki na makopo ya vinywaji, mfumo ulioanza mwaka 2003, nawe huirudishiwa kwenye mashine dukani. Korea Kusini mabaki ya chakula hutengwa na hulipiwa kadiri unavyotupa. Muulize msimamizi wa hosteli siku ya kwanza, piga picha ya maelekezo, ibandike juu ya mapipa. Usitupe kwenye pipa la kuchakata kitu kwa kutumaini tu: boksi la piza lililolowa mafuta linaweza kuharibu karatasi safi za jengo zima.

Mara moja kwa mwezi, fanya jambo moja la kuudhi. Kwa wiki nzima andika kila chakula unachotupa na sababu yake. Yangu ilikuwa mkate, karibu kila wiki, kwa kuwa nilinunua mkubwa. Nilianza kuukata siku ya kwanza na kugandisha nusu. Kipande kilichoganda huingia kwenye kibaniko moja kwa moja.

Hatua ya 9: Ndege

Safari ndefu ya kwenda na kurudi inaweza kubeba tani moja ya hewa ukaa au zaidi kwa abiria mmoja. Sitakwambia usiende kuwaona wazazi. Nitakwambia uende mara chache ukae sana. Ziara za wikendi kwa ndege za bei poa, zile zinazochochewa na picha za wenzako, ndizo za kukata. Mabasi na treni za usiku hufika mahali pengi, na wanafunzi mara nyingi hupata punguzo.

Hatua ya 10: Wiki nne kabla ya kuondoka

Acha kununua vya akiba. Orodhesha kilichomo friza na kabatini, upike kutoka humo hata kama mlo utakuwa wa ajabu. Wiki yangu ya mwisho nilikula dengu na mahindi ya kopo siku tatu mfululizo. Wiki mbili kabla, tangaza vyombo vyako kwa wageni wanaoingia muhula ujao. Ukiacha tangazo hadi siku ya mwisho, kila kitu kitaishia kwenye chumba cha taka, kwa sababu wote mnaoondoka mnagawa siku hiyo hiyo. Sufuria yangu yenye mfuniko niliikabidhi ikiwa na karatasi ndani: masaa ya duka linaloshusha bei jioni, picha ya mapipa, na kisanduku kilichoandikwa KULA KWANZA. Aliyeipokea alicheka. Kisanduku alikichukua.